Chumvi Kwenye Mtumbwi wa Njano

Rafiki yangu, nimerudi jana kutoka Homa Bay na roho bado inaniuma, kwa hivyo nivumilie nikisimulia kwa hasira kidogo. Nilikwenda kumwona mtoto wa baba mdogo. Kwetu hatuna mambo ya binamu. Mtoto wa baba mdogo ni ndugu yako, umpende usimpende, na huyu wangu nimemwonea wivu tangu tukiwa na meno ya utotoni. Sasa ana mvi, ana nyumba inayotazama ziwa, na ndani ya nyumba hiyo ana chumba kizima cha ndege, meli na vifaru vya plastiki, vile vinavyouzwa vipande vipande kwenye boksi ukaviunganishe mwenyewe. Amevipanga kwenye kabati la kioo lenye taa ndani. Taa, jamani! Mimi kwangu balbu moja ya sebuleni inatutosha sote, na bado tunagombana nani kaiacha ikiwaka.

Alinishika mkono akanizungusha akinifundisha kama mtoto wa shule. "Omera, ndugu yangu, siri ni subira. Usinyofoe kipande kwa vidole, kata kwanza mbali nacho, halafu ndio ukaribie na wembe. Osha kila kitu na sabuni kabla ya rangi, maana vinatoka kiwandani na mafuta. Na gundi ni tone tu." Nikaitikia, ee, ee. Ati gundi ni tone tu. Mimi nilikuwepo wakati yeye mwenyewe alikuwa akiimwaga kama uji!

Ngoja nikurudishe Muhuru Bay, tulikolelewa na nyanya, yaani mimi niliyelelewa, maana yeye alikuwa akija likizo tu. Nyumba ya nyanya ilikuwa ya bati, juu kidogo ya ufuo, na kati yake na maji zilitandazwa nyavu za kuanikia omena, dagaa wa ziwa letu. Harufu ya omena ilikuwa kwenye nguo zetu, kwenye nywele, hata kwenye kitabu cha hesabu. Ukimfungulia mwalimu ukurasa alirudisha kichwa nyuma. Kazi yetu ilikuwa kugeuza samaki juani na kuwafukuza kunguru, na jua la kwetu si la mchezo. Nyanya aliamini hakuna kitu duniani kisichotengenezwa na jua. Omena, mihogo, magodoro, mtoto mwenye mafua, vyote vilitolewa nje.

Nyanya alikuwa na mtumbwi wake, ambao vijana wa ufuoni waliutumia kuvua. Ulikuwa na jina la mama yake mzazi. Kwetu mtumbwi hauingii ziwani bila jina, na mara nyingi jina huwa la mtu aliyekwisha kwenda lakini bado anakumbukwa nyumbani. Nyanya alipoukuta ufuoni asubuhi aliupapasa ubavuni kwanza, ndipo akawauliza vijana wamepata nini.

Sebuleni alikuwa na kabati. Ndani kulikuwa na vikombe vya maua, chupa ya chai ambayo haikuwahi kutiwa chai, na sahani zilizopangwa kama askari. Juu yake alitandika kitambaa cheupe alichokishona kwa mkono. Sisi tulinywea vikombe vya bati vilivyobonyea. Tukivitamani vile vya maua alisema, "Vya kabatini ni vya wageni," na maneno yakaishia hapo. Mimi sikutaka vikombe. Nilitaka siku moja kitu cha mkono wangu kikae juu ya kile kitambaa cheupe, kila anayeingia akione, aulize ni cha nani, na nyanya ataje jina langu. Hilo tu ndilo nililolitaka katika utoto wangu wote.

Sasa Agosti moja akaja mtoto wa baba mdogo na boksi. Baba yake alikuwa akifanya kazi Mombasa na alimnunulia huko. Juu ya boksi kulikuwa na picha ya ndege ikipasua mawingu, na ukilitikisa lilitoa sauti ya mvua ya kwanza juu ya bati. Ndani vipande vyote vilikuwa vimeshikana kwenye fremu, kila kimoja na namba yake. Tulijazana mlangoni tukiangalia. Akasema, "Msiguse, vitaingia mafuta ya omena." Mbele ya nyanya yetu! Na nyanya akacheka, akatufukuza twende kunawa.

Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alikaa Agosti nzima na jembe halikumjua. Mimi nageuza omena, yeye ameketi kivulini na wembe wa nyanya. Mimi nateka maji, yeye anapiga msasa ubavu wa ndege, tena msasa wenyewe ni lile jiwe la nyanya la kusugulia visigino. Na nyanya, ambaye akikukuta umekaa alikuuliza kama umevunjika mguu, alimpelekea chai pale pale alipo. Wivu, rafiki yangu, hauko moyoni kama watu wanavyosema. Wangu ulikuwa hapa kooni, na ugali haukupita vizuri.

Nikaamua kutengeneza changu. Nikapata jerikeni la njano la mafuta ya kupikia lililopasuka kitako. Nikamwendea fundi wa mitumbwi pale ufuoni, mzee mmoja mkali aliyezoea kutufukuza kwa kipande cha ubao, nikamwambia nataka kutengeneza mtumbwi wa nyanya, ule ule, lakini mdogo. Aliniangalia, akaona sitanii. "Basi pima mkubwa kwa shubiri, na mdogo kwa upana wa kidole," akasema. "Shubiri moja huku, kidole kimoja kule. Usibahatishe hata mahali pamoja. Ukibahatisha, hujatengeneza mtumbwi, umetengeneza bakuli."

Nikapima. Nikagundua mambo ambayo mtoto wa baba mdogo hajayasoma kwenye karatasi yake mpaka leo. Jerikeni halishiki gundi. Ipake asubuhi, ikifika saa sita imebanduka kama ngozi ya kidonda. Hata rangi haishiki. Kwa hivyo nilitoboa matundu kwa msumari uliopashwa motoni, nikashona mbavu kwa uzi wa nyavu, na mishono nikaiziba kwa matone ya jerikeni lile lile nililoliyeyusha. Mbele, pale mtumbwi unapojikunja kupanda, nililowesha plastiki kwenye maji ya moto mpaka ikalegea, nikaikunja, nikaishika hivyo mpaka ikapoa. Ukiiachia kabla haijapoa inarudi ilikotoka, kama mbuzi. Ubavuni nikaandika kwa ncha ya msumari wa moto jina la mama yake nyanya. Viti vya kukalia nilivikata kwenye slipa nyekundu iliyoletwa na mawimbi.

Yeye akamaliza wa kwanza. Aliunganisha mabawa bila kujaribu kwanza kama yanakaa, gundi ikamwagika, ikamshika vidole, akalia, nyanya akamfuta kwa mafuta ya taa. Mwisho ndege ikasimama, kijivu, nzuri. Siwezi kusema uongo, ilikuwa nzuri na nilitamani iungue. Akaiacha mezani ikauke, akalala mchana kama mgeni anavyolala.

Nyanya akaingia, akaigusa, akaona gundi bado mbichi. Unajua alichofanya? Alichofanya maisha yake yote. Akaitoa nje, akaiweka juu ya lile bati jeusi alilokaushia omena za nyumbani, na kwa mapenzi akaigeuza kila baada ya muda ili ikauke pande zote.

Tulipoiona, mabawa yalikuwa yamelala chini kama ya kuku aliyenyeshewa. Mtoto wa baba mdogo alipiga ukelele mpaka vijana wakapanda kutoka ufuoni. Nyanya alisimama na mikono kichwani akirudia, "Nyathina, mwanangu, nilitaka tu ikauke. Mimi nilitaka tu ikauke." Nilicheka moyoni, nikacheka sana. Ila nilipomwona nyanya anatetemeka midomo, kicheko kikaniishia.

Dawa niliijua mimi. Nikachota maji ya moto, si yanayochemka, yale ambayo kidole kikigusa kinaruka. Nikazamisha bawa moja, nikalitoa, nikalinyoosha polepole, nikamwambia nyanya, "Dani," maana ndivyo tulivyomwita, "shika hapa, usiachie mpaka lipoe." Akashika. Tukafanya na la pili, ingawa hilo halikunyooka lote, likabaki limeinama kidogo. Usinisifu. Sikumhurumia mtu. Nilitaka nyanya aone kwa macho yake nani fundi katika nyumba ile.

Akaona? Aliipangusa ndege kwa leso, akaiweka juu ya kabati, katikati ya kitambaa cheupe, kisha akamwita jirani aliyekuwa akiuza omena naye: "Njoo uone ndege ya mjukuu wangu wa mjini!" Jirani akaja, akapiga makofi, akauliza kama itaruka. Mimi niko pale pale, vidole vimebabuka kwa maji ya moto.

Nikaenda nikaleta mtumbwi wangu. Nyanya aliupokea kwa mikono miwili. Akaugeuza chini, akaukagua mishono kwa ukucha, akapitisha kidole gumba juu ya lile jina. Kisha akasema, "Erokamano," yaani asante, akatoka nao. Nikamfuata mbio nikidhani ameenda kutafuta kitambaa kingine. Aliingia jikoni. Akachukua mfuko wa chumvi, akaimimina yote ndani ya mtumbwi wangu, akauweka kando ya mafiga.

Bakuli! Nilitoka nikalia nyuma ya choo. Mama, aliyekuwa amekuja kututembelea, aliponiuliza nalia nini nikamwambia ni moshi.

Toka siku hiyo, kila chakula cha nyanya kilianzia kwenye mtumbwi ule. Asubuhi, mchana, jioni, aliuchota kwa vidole bila kuangalia, huku akitupigia hadithi. Nilikua, nikaenda shule ya bweni, nikaoa, nikarudi na watoto, na chumvi ilikuwa pale pale. Mimi nilikuwa nikipita sebuleni na kuangalia ndege. Kila mara ilikuwa imepanguswa vumbi.

Nyanya alipotuacha, baada ya matanga, shangazi alitukusanya wajukuu tuchague kila mtu kitu cha kumkumbuka. "Mkubwa aanze," akasema. Mkubwa ni mimi. Rafiki yangu, sikufikiri hata kidogo. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kabati nikaishusha ndege, mbele ya mwenyewe, na nilisikia utamu mpaka kwenye magoti. Ikaja zamu ya mtoto wa baba mdogo. Akavipita vikombe, akaipita chupa ya chai, akaenda jikoni. Shangazi akamwambia, "Huo ni wa chumvi tu." Akajibu, "Najua."

Ile nyumba sasa imeanguka yenyewe. Mtumbwi mkubwa uliliwa na mchwa. Ufuoni siku hizi wanaleta mitumbwi ya faiba, laini, haina mshono wa kugusa, na mahali pa fundi wanachaji simu. Ndege iko kwangu juu ya kabati, bawa moja limeinama. Wageni huiuliza, nami husema niliinyoosha mimi na nyanya. Aliigusa siku ile, akaipangusa vumbi siku nyingine, basi.

Lakini mtumbwi! Jana nimeuona Homa Bay kwenye rafu ya juu kabisa, juu ya meli zake zote, chini ya taa. Hajauosha. Chumvi imeganda kwenye mishono. Na ukingo mmoja, upande wa kulia ambako mkono wa nyanya ulipitia, umelika, umekuwa laini na mwembamba, una kibonde cha kidole gumba. Jina la mama yake limefutika nusu. Nikamwambia tubadilishane, ndege ni yako tangu zamani. Akacheka mpaka akakohoa. "Omera, si wewe ulichagua kwanza? Mimi kila likizo nilikuwa naona nyanya anavyoushika, halafu ananiletea chai kwenye kikombe cha maua. Nilikuwa nakuchukia, wallahi." Kisha akaenda kuleta chai.

Nilifungua kioo. Nikaweka kidole gumba changu kwenye kile kibonde, kikaingia sawasawa. Nikapitisha kidole kingine chini, kwenye kona ya mshono, nikakilamba. Bado ni chumvi. Nikasikia viatu vyake vinarudi, nikafunga haraka, nikaketi na mikono juu ya magoti.

Akafungua kabati lingine, lile la vyombo, akanitolea kikombe cha maua, cha wageni.