Tenori Niliyoimba Vibaya kwa Makusudi

Nilipoambiwa kwamba walimu wa korali watakutana mtaa wa Nguba katika likizo kubwa, sikuuliza watafundishana nini. Niliuliza nani amewaita. Siku hizi hapa Bukavu, watu wakikusanywa mahali, mtu mwenye akili huanza na swali hilo, ndipo aulize kama kutakuwa na chakula.

Aliyeniletea habari ni msaidizi wangu. Ni mwanamke, mwalimu wa muziki katika shule moja ya sekondari, na ameimba alto katika korali yetu ya Kadutu tangu mwaka wa komunyo yake ya kwanza. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika sauti. Leo ana diploma, ana wanafunzi wake, na kikohozi kikinizidi Jumapili, yeye husimama mahali pangu mbele ya waimbaji.

Alivuta kiti cha plastiki, akanieleza, akiniita papa kama waimbaji wote wanavyoniita. Walimu wangetoka Goma kwa boti, wengine Uvira, wakae wiki nzima katika nyumba ya masista kando ya ziwa, wajifunze namna ya kufundisha waimbaji.

"Kila mwalimu ataleta wimbo moja ya kwao," alisema. "Miye nimechagua ile yako ya matoleo, papa."

"Ju ya nini yangu?"

"Ju ni muzuri. Tutaituma kwa bote mbele bakuye huku, basikie, bajifunze. Siku ya kufungua tutaiimba pamoja, na miye nitaongoza. Jina yako itaandikwa juu."

"Na zile sauti zote utazipata wapi?"

"Kwako, papa. Utaniimbia, miye nitaandika."

Hapo niliingiwa na shaka, na ni lazima nieleze sababu. Katika korali yetu nyimbo hazikuandikwa kamwe. Kila sauti hujifunza kwenye kona yake: soprano mbele ya sakristia, alto kwenye ngazi, tenori nyuma ya darasa la katekisimu, besi chini ya paa la tangi la maji. Mimi huzunguka kutoka kona hadi kona, nawatia sauti yao mdomoni. Jumamosi ndipo wanapokutana na kusikia wimbo mzima. Si mimi niliyebuni jambo hilo, korali nyingi za mlimani kwetu hufanya hivyo, maana tumeumia. Mgeni anakuja kukaa benchi la nyuma, anatikisa kichwa kwa ibada kabisa, na Pentekoste ikifika unasikia wimbo wako ukitoka parokia nyingine, umebadilishwa maneno tu. Kwa hiyo wimbo mzima hukaa katika kichwa kimoja, cha maestro. Anayeomba sauti zote nne anaomba ufunguo wa nyumba.

Nikaanza kumchunguza. Alikuwa na simu mpya. Jioni moja walikuja wanaume wawili wenye viatu safi, katika matope yale ya Kadutu, wakasimama dirishani wakati wa mazoezi, naye akatoka kuongea nao kwa Kifaransa cha chinichini. Nilimweleza rafiki yangu wa zamani, mwimbaji wa besi. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Weye, muzee! Hata padri akikupa hostia, utaigeuza kwanza uone nyuma."

"Cheka tu. Siku batakuuzia wimbo yako mwenyewe, utalia."

Alipokuja kuandika, nilikuwa nimekwisha kuamua. Nilimwimbia soprano ya kweli. Alto alikuwa nayo mwenyewe. Besi nilimpa bila hila. Lakini tenori niliipinda. Katikati ya wimbo, pale ambapo tenori yetu hupanda ikaziacha sauti nyingine chini, mimi niliishusha, nikaifanya ifuate soprano kama mbuzi aliyefungwa kamba. Haikuwa kosa la kuumiza sikio, hilo angeligundua mara moja. Ilikuwa sauti iliyokufa tu. Wimbo ukitokea kwa watu wengine, niliwaza, nitaujua kwa tenori yake, na nitajua ulipita mlango gani.

Aliniimbia alichoandika hadi pale katikati. Akasita.

"Papa, hapa katikati ni vile umeimba kweli? Miye nasikiaka kama batenori banapanda."

"Unasikiaka toka kwa ngazi, mbali kule. Nani alitunga?"

"Ni weye, papa."

Akachukua kifutio, akafuta noti za kupanda alizokuwa ameshaanza kuziandika, akaandika zangu. Aliniambia "aksanti sana, papa," akaaga. Nilijisikia mwerevu hadi usingizini.

Wiki kadhaa zikapita. Kisha akaja mazoezini na makaratasi, akawaweka waimbaji wote pamoja, maana korali yetu ndiyo ingeuanzisha wimbo siku ya kufungua. Tenori walipofika katikati wakapanda kama kawaida yao. Akawasimamisha.

"Batenori, munakosa."

"Shiye?" alisema kiongozi wao, kijana mwenye pikipiki ya kubeba abiria njia ya kwenda Miti. "Maman, hii wimbo tunaiimbaka hata tukiwa na usingizi."

"Mushuke pale. Iko imeandikwa."

"Imeandikwa na nani?"

"Papa maestro mwenyewe alinipa, na kinywa yake."

Alto, wenzake, wakaanza kuchekelea. "Eh, diploma hiyo! Inasikia kuliko masikio!" Mmoja akaiga namna anavyoshika kalamu. Yeye hakucheka. Alisema makaratasi yalikwisha kutumwa Goma na Uvira, na walimu kule walikuwa wakijifunza. Basi wote walielewa: siku ya kufungua angesimama mbele ya walimu wenzake, nusu ya tenori wakipanda na nusu wakishuka, na kila mmoja angesema huyu mama hajui hata wimbo wa parokia yake. Akageuka kunitazama. Kila mtu akageuka.

Rafiki yangu wa besi alinitupia kamba. "Muachilie muzee, amesahau. Ni umri."

Nilitaka kuishika. Ilikuwa rahisi, hata nilikwisha kuweka mkono kwenye paji la uso kama wazee wanaosahau. Lakini yeye alikuwa bado ananitazama, na nilijua akikubali kwamba nimesahau, atanionea huruma, atajilaumu mwenyewe kwa kutokunisisitizia siku ile. Hilo lilinishinda.

"Sikusahau," nilisema. "Nilimupa vile ju nilizania atauzisha wimbo yetu."

 Msaidizi wangu akakusanya makaratasi, akayapanga vizuri, akatoka. Wale wa viatu safi, aliniambia rafiki yangu baadaye bila kunitazama, walikuwa walimu wa shule anayofundisha msaidizi wangu, waliokuja kusikiliza kama korali yetu inafaa kufungua mkutano.

Kesho yake asubuhi niliteremka nyumbani kwa msaidizi wangu. Mama yake alinipa kiti mezani, akaturudishia mlango. Sikuwa na hotuba. Nilimwomba achukue kalamu, nikaimba tenori ya kweli, na pale pa kupanda koo likanikwaruza lakini nilifika.

Kalamu haikusogea.

"Rudilia," alisema.

Nilirudia. Alisikiliza hadi mwisho, bila kuandika noti. Kisha akachukua simu, akampigia kijana wa tenori, akaiweka mezani kati yetu ili sauti isikike.

"Niimbie sauti yako ya matoleo, toka mwanzo."

"Sasa hivi? Maman, niko na mutu nyuma ya pikipiki!"

"Muambie angojee. Imba."

Tulisikia injini ikizimwa, mwanamke akiuliza ni wazimu gani huu, kisha kijana akaanza. Aliimba vizuri, kelele za barabara zikimzunguka. Kidole cha msaidizi wangu kilifuata mistari ya karatasi, na kijana alipopanda, ndipo akaandika. Aliandika kwa kumfuata yeye. Mimi, mtunzi, nilikuwa pale, umbali wa mkono.

Alipokata simu nilidhani tumemaliza. Walimu wa Goma na Uvira, alisema, angewaandikia siku ile ile, nami nikasema nitakwenda Nguba kuwafundisha tenori mwenyewe kabla hawajaanza. Alisema tutaona.

"Na besi?" aliuliza.

"Besi ni ya kweli."

"Soprano?"

"Ya kweli, mwanangu. Nakuapia."

Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama alivyolelewa. Kisha akatafuta namba ya rafiki yangu wa besi, akabonyeza, akaiweka tena simu mezani. Niliweka mikono juu ya magoti, nikangoja ikiita.