Fomu Zilizosubiri Jumapili

Mimi niliishia darasa la saba, wala sifichi. Ukipita mtaani kwetu Lemara ukaona geti limenyooka na haliburuzi chini, uliza nani kalichomelea. Kwa hiyo binti yangu alipopata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea shahada ya pili ya mambo ya maji, nikasema huyu haondoki kimya kimya.

Alikuwa aende na mumewe na mtoto wao wa miezi saba. Sheria ya nchi ile iliruhusu: mwanafunzi anasoma, mwenzake anapewa kibali cha kufanya kazi. Jumanne fomu za wote watatu zilikuwa tayari, kazi ilikuwa kubonyeza kompyuta tu.

"Baba, nazituma leo."

"Hutumi kitu. Karatasi kubwa kama hizo zinapita madhabahuni kwanza. Jumapili mchungaji azishike, usharika wote uone."

"Mungu anasikia hata Jumanne, baba."

Nikamuuliza nani kamsomesha. Akafunga kompyuta.

Jumapili nilizichapisha, tukasimama mbele. Mchungaji akaziwekea mkono, kwaya ikaimba, na baada ya ibada nikatoa beberu kwa ajili ya mnada wa sadaka. Shemeji yangu akaninong'oneza, "Leo umetamba, bwana." Nisitambe kwa nini?

Jumatatu binti akafungua kompyuta. Sheria ilikuwa imebadilika tangu Ijumaa. Wa shahada ya pili sasa anaingia peke yake. Mume na mtoto ni kwa wanaosoma shahada ya tatu tu. Waliotuma kabla ya Ijumaa hawakuguswa.

Nilitukana mpaka mke wangu akafunga madirisha. Mtu umeshamkubalia chuo, mumewe ameshaaga kazini, ndiyo unabadilisha? Mimi nikipatana na mteja geti la futi kumi na mbili, siendi siku ya kulifunga nikamwambia sasa ni futi nane. Ningeitwa tapeli. Wao wakifanya hivyo wamevaa tai, unaitwa utaratibu! Akili ya binti yangu wanaitaka, mtoto anayemnyonyesha hawamtaki.

"Usiwamalizie wao hasira zote, baba," binti akasema. "Siku tatu tulikuwa nazo."

Kanisani nililaumu sheria peke yake. Siku tatu zile nazitaja hapa kwa mara ya kwanza.

Aliondoka mwezi uliofuata. Uwanja wa ndege alinyonyesha mpaka abiria wa mwisho wanaitwa, halafu akanikabidhi mtoto mimi, hakumpa mke wangu. Tukarudi, mkwe wangu akiendesha gari. Mtoto alilia hadi Usa River, nusu ya njia, anatafuta kunyonya kwenye shati langu.

"Mlete huku, wewe hujui," mke wangu akasema.

"Nitajua."

Wanangu mwenyewe sikuwabeba walipokuwa wadogo hivi. Nilikuwa juu ya ngazi, nachomelea. Huyu sikumwachia mtu. Nilimbeba mpaka nyumbani, shati limelowa, na chupa ya kwanza akainywea mikononi mwangu.