Mosio ya Bukavu kwa Ajili ya Amani ya Yerusalemu

Nilirudi Bukavu kutoka Ubelgiji na diploma ya sayansi ya siasa, niliyoipata kwa kichwa changu mwenyewe. Baba yangu alilima mihogo kule Walungu na hakuwa na ndugu hata mmoja ofisini. Nasema hivi bila haya, kwa sababu wengi waliorudi na makaratasi kama yangu walikimbilia Kinshasa kutafuta viti. Mimi nilibaki, nikafundisha katika chuo kimoja mjini, na nikafanya jambo ambalo sijasikia mwingine amelifanya: niliwakalisha Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu chumba kimoja ili tubadilishe siasa ya nje ya Zaïre.

Serikali ilikuwa imerudisha urafiki na Israeli. Miaka ya nyuma iliuvunja, sasa ikaurudisha, na mara zote mbili sisi tulisikia redioni kama watu wanaoambiwa kwamba mvua imenyesha kisiwani Idjwi. Redio hiyohiyo ilitangaza mabomu ya Lebanoni na wakimbizi wa Kipalestina. Nikajiambia: rafiki ana ruhusa ya kusema. Zaïre imwambie rafiki yake kwamba Wapalestina nao wana kwao, na iwaambie Waarabu kwamba Waisraeli nao wana kwao.

Jumamosi moja, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha barabara, nilialika nyumbani kwangu watu watatu: mchungaji, shehe, na maman mmoja muuza vitenge aliyewaongoza akina mama wa parokia. Walikuja na majembe yao, matope miguuni.

"Israeli iko taifa ya Mungu," mchungaji alianza hata kabla ya chai. "Biblia iko wazi."

"Na ule mutoto mwenye bomu ilimuangukia," shehe akamuuliza, "iko wa nani?"

"Wa Mungu vilevile."

"Basi tuandike ile."

Maman akapiga paja lake. "Papa Pasta, leo amekushika!"

Mchungaji hakucheka, lakini hakuondoka. Alidai tuandike pia kwamba mtoto wa Kiisraeli asilale kwa hofu, na shehe akasema hakuna Mwislamu wa kweli atakayekataa hilo. Jua lilipoinama tulikuwa na maneno ambayo wote watatu waliyakubali: watoto wasiuawe, mataifa mawili yapate makao, na Zaïre izungumze na pande zote mbili.

Sasa tuyapeleke vipi? Niliwasomea rasimu yangu ya Kifaransa, na mpaka leo nasema ilikuwa nzuri sana. Maman alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Profesa, unataka batufunge? Siasa ya inje iko ya Guide peke yake. Weye utafukuzwa kazi, na sisi tutaanza kukupelekea chakula mu gereza."

Alisema kweli. Katika Zaïre ya chama kimoja hakuna aliyemwomba Rais, Guide wetu, yaani Kiongozi, kitu hadharani. Kiwanda cha chai, shule, chama cha wafanyabiashara, wote walituma kitu kimoja tu: mosio, yaani tamko la kumuunga mkono. Ndipo kichwa changu kikafanya kazi yake.

"Basi tutamuunga mkono," nikasema.

"Kwa kitu gani?" akauliza shehe.

"Kwa juhudi zake za kupatanisha Waisraeli na Wapalestina."

"Juhudi gani?"

"Zile atakazofanya."

Mchungaji, yeye wa kwanza, akaangua kicheko mpaka machozi.

Mosio ilisomwa msikitini, kanisani kwa mchungaji, na katika jumuiya za parokia, na kila mahali watu waliipokea. Ikabaki kuisoma mbele ya Komiseri wa zone, mkuu wa serikali katika eneo letu, kwenye mkutano wa Chama, ili aitume juu. Mkutano wowote ulihitaji animasyo, nyimbo na ngoma za kumsifu Guide. Watu wa mchungaji hawachezi ngoma, na wa shehe pia hawachezi.

"Nyie mutapiga makofi tu," maman akaamua. "Kiuno iko kazi yetu."

Siku ilipofika nilivaa abakosti yangu mpya, ile suti isiyo na tai, nikasoma kwa sauti. Nilipofika kwenye neno "Wapalestina", Komiseri aliinua mkono, akachukua karatasi na kuipitia mwenyewe.

"Sitwayeni Profesa, Guide alisema hii maneno wapi?" akauliza, kwa lile jina la "raia" ambalo wote tuliamriwa kuitana.

Nilifikiria kazi yangu, na baba yangu ambaye aliuza ng'ombe wake wote ili nisome.

"Sitwayeni Komiseri," nikajibu, "kuna mahali Guide alisema hapendi amani?"

Maman hakungoja jibu lake. Ngoma ikalia, akina mama wakaingia uwanjani, shehe na mchungaji wakapiga makofi bega kwa bega. Wakati ule, makofi yakianza, hakuna aliyetaka kuonekana mikono imelala. Uwanja mzima ukapiga. Mosio ikawa imepita kwa shangwe, kwa jina la Guide, na hakuna Komiseri ambaye angethubutu kuikana. Naye akapiga, wa mwisho kuliko wote na kwa nguvu kuliko wote.

Majuma machache baadaye aliniita ofisini. Niliaga darasa langu kama mtu ambaye huenda harudi.

"Mosio yenu imefika mbali," akasema akiwa amefunga mlango. "Wakubwa wameuliza nani aliwaza jambo hili, kwa sababu kuna mutu wa mambo ya inje ameipenda. Nimewaambia..." Akakohoa. "Nimewaambia iko wazo yangu."

Kila herufi ya karatasi ile ilitoka kichwani kwangu na mezani kwangu. Lakini nilielewa kwamba kuanzia siku ile, mosio ya akina mama, mchungaji na shehe ilikuwa na Komiseri wa kuitetea, maana alikuwa anajitetea mwenyewe.

"Ni kweli, Sitwayeni Komiseri," nikasema. "Wazo ni lako."

Akanisogezea kiti. "Basi keti, Profesa. Unisaidie kuwaza ya pili."