Kupanda na Kushuka Kibumba kwa Pikipiki ya Mkwe Mtarajiwa

Nilitoka nyumbani kwangu Keshero, mjini Goma, mwanzoni mwa kiangazi kwa sababu ukoo ulinituma, si kwa sababu nilikuwa nimechoka kuishi. Nalitamka hili mapema ili wenye midomo wasije wakaligeuza. Furaha, binti wa marehemu mdogo wangu, alikuwa ameposwa na kijana aitwaye Bahati, na kwetu mahari haipokelewi kabla mtu wa upande wa binti hajaenda kuona nyumba ya upande wa pili: paa lake, jiko lake, na jinsi wenyeji wanavyosemeshana wakidhani hawasikilizwi. Kwa kuwa baba yake Furaha hayupo, kazi hiyo ilikuwa yangu. Neno langu ndilo ambalo kikao cha Jumapili kingelifuata, liwe ndiyo au liwe hapana.

Sasa basi, Bahati ni motari, yaani hubeba abiria kwa pikipiki. Mdogo wangu alifia nyuma ya motari, kwenye barabara hiyohiyo ya Kibumba, siku za kwanza za kiangazi, jua likiwa zuri na lami ikiwa kavu kabisa. Msomaji ataelewa kwa nini sikumpokea mposaji huyu kwa vigelegele.

Siku moja kabla ya safari, Furaha alikuja kunipigia koti pasi. Alipiga pasi kola moja muda mrefu mno, kisha akasema bila kuinua macho:

"Baba mukubwa, nyumba utaiona tu. Miye nataka uangalie namna anaendesha."

"Na nikiona mabaya?"

"Useme apana. Nitalia, lakini nitakubali. Mama alibakia na batoto bane, Baba mukubwa. Miye sitaki kufanana naye."

Hapo nilijua kwamba safari hii haikuwa ya kutazama paa.

Kabla sijaondoka, inafaa nieleze hali ya hewa, maana ndiyo iliyoharibu akili za watu. Kwa miezi yote ya mvua, askari wa kweli wa barabara za Goma huwa ni matope. Matope hayana simu, hayana shemeji, wala hayapokei kitu chochote mkononi. Motari yeyote aliyejaribu kuyadharau alilazwa chini hadharani, mbele ya wateja wake. Kisha jua linarudi, askari huyo anakauka na kuwa vumbi jeusi, na vijana wote wanahitimisha kwamba hatari imekwenda likizo. Hakuna anayetazama changarawe za lava zilizoachwa na mvua juu ya lami, zinazobiringika chini ya tairi kama maharage yaliyomwagika sakafuni.

Asubuhi, Keshero. Bahati alifika akiwa amevaa jaketi kinyumenyume, zipu mgongoni, ili upepo usimpige kifuani. Huo ndio mtindo wa wamotari wetu wakati wa baridi ya asubuhi. Kofia ya kinga aliivaa pia, ila kwenye kiwiko.

"Hiyo kofia inalinda nini hapo?" nilimuuliza.

"Ni ya kupitia kwa bariere ya askari, Papa. Tukifika kule nitaivaa."

"Kumbe kichwa chako kinaanzia kwenye bariere."

Alicheka kwa adabu, akanigeuzia mgongo na kuniomba nimfunge zipu. Nimestaafu nikiwa mkuu wa ofisi. Nimetia sahihi vibali vya watu wazito. Asubuhi hiyo nilimfunga zipu mgongoni mwanamume mzima, barabarani, huku jirani yangu Mama Esta akiegemea ufagio wake.

"Muzee Shefu! Leo njo umekuwa mama yake?"

"Namwandaa kwa shule," nilijibu, nikavaa kofia yangu mwenyewe, nikaikaza kamba yake kidevuni.

"Na weye unaenda wapi, ku mwezi?"

Mtu mwenye kofia iliyofungwa vizuri hana haja ya kumjibu mtu mwenye ufagio.

Ndosho tulisimama kujaza upepo. Katika mtaa ule wenye karakana nyingi kuliko miti, nilipata nafasi ya kuliinamia gurudumu la nyuma, nikakuta mpira wenye upara uliokamilika kuliko wangu. Niliuonyesha kwa fimbo yangu ya kutembelea. Bahati alinieleza, kwa upole wa mwalimu wa chekechea, kwamba mipira yenye meno ni ya mvua. "Sasa kumekauka, Papa. Meno ya kutafuna nini?" Wenzake waliokaa juu ya pikipiki zao walifurahia sana. Nilikaa juu ya tairi bovu, nikaweka fimbo magotini, nikasema kwamba mimi ni mstaafu na sina haraka yoyote hapa duniani. Mpira mwingine ulipatikana. Haukuwa mpya, lakini ulikuwa na meno.

Kutoka hapo tulipita Katoyi hadi Majengo, tukaingia barabara ya Rutshuru, ambayo ilikuwa imefungwa muda mrefu kwa sababu ambazo mkazi wa Goma hahitaji kuelezwa. Nusu ya mji ilikuwa imekumbuka siku hiyohiyo kwamba ina shamba, shangazi au deni huko juu. Pikipiki zilitupita kulia na kushoto: moja imebeba kitanda, nyingine imebeba familia, nyingine imebeba kijana aliyejirekodi kwa simu akitabasamu, mkono mmoja tu ukiwa kazini.

Kanyaruchinya, pale ambapo mahema ya wakimbizi wa vita yalikuwa yamebanana hadi ukingoni mwa barabara, sasa kulikuwa na mistari ya maharage na watoto waliovuka bila kutazama. Mbele kidogo palikuwa na bariere. Bahati aliivaa kofia, akapita akiwa na uso wa shemasi, na hatua chache baada ya kizuizi akairudisha kwenye kiwiko. Kamba yake ilikuwa imekatika zamani. Aliiheshimu kofia ile kama watu wengine wanavyoheshimu kadi ya uchaguzi.

Kupanda kuelekea Kibati na hatimaye Kibumba hakukuwa na kasoro yoyote. Injini ilinguruma, ukungu wa volkano ya Nyiragongo ulitushukia mabegani, na nakiri kwamba kijana aliyajua mashimo yote na kuyakwepa kwa ustadi. Nilianza hata kufikiri sentensi za kumsifu. Kumbe nilifanya haraka mno.

Kibumba tulipokewa na mama yake, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akipanga kabichi mlangoni. Paa lilikuwa zima. Jiko lilikuwa safi. Tulikula viazi na maharage, tukanywa maziwa, na kila aliyepita njiani alimsalimu kwa heshima. Nilipata yote niliyotumwa kuyatafuta.

"Papa," aliniambia, "mutoto wangu hanywi pombe. Hapigani na batu. Anasali, na tangu barabara ifunguliwe, kila juma ananiletea sukari."

"Nimeona, Mama. Na akishuka mteremko?"

Alichukua kabichi, akaipangusa, akaiweka palepale ilipokuwa.

"Kwa kupanda, nakuyaka naye ku pikipiki," alisema. "Kwa kushuka, miye nashukaka kwa miguu."

Bahati aliangalia viatu vyake. Ningeweza kushuka kwa miguu pia, na ningekuwa nimefunga kazi yangu. Lakini Furaha hakunituma nikasikilize, alinituma nikaangalie.

Alasiri tulianza kushuka. Baada ya kona ya kwanza, injini ilinyamaza.

"Imekufa?" niliuliza.

"Apana, Baba mukubwa, nimeizima. Kushuka ni bure. Tunachunga esanse. Bote banafanyaka hivi." Na ufunguo, ili usidondoke, aliutia mfukoni.

Nawaandikia wale ambao hawajawahi kubebwa namna hii kwa kubana esanse, yaani petroli. Pikipiki iliyozimwa kwenye mteremko wa Kibumba haina injini ya kuishikilia; ina breki tu, nazo zinapata moto. Taa haiwaki. Klaksoni haiiti. Inakwenda kasi kuliko ilivyopanda, na haitoi sauti yoyote zaidi ya upepo. Nilimwamuru aiwashe. Aliniambia nisiogope. Huo ndio ulikuwa msimamo wa mazungumzo yetu tulipoingia kwenye kona na kukuta chukudu mbele yetu katikati ya lami, baiskeli ile ya mbao isiyo na pedali, ikishuka polepole na mlima wa kabichi juu yake, mwenye chukudu amepiga goti upande mmoja, ametugeuzia mgongo.

Nilisikia kidole cha Bahati kikibonyeza klaksoni. Tik. Tik. Tik. Hakuna kitu.

Basi nilitumia sauti ambayo sijaitumia tangu nistaafu, ile iliyokuwa ikivuka korido tatu za ofisi: "CHUKUDU! KULIA! KULIA!" Yule bwana alitii bila kugeuka. Sisi tulikwenda kushoto, tukakuta zile changarawe, na pikipiki ikatutoka chini kama zulia linalovutwa.

Nilitua mtaroni, kiwiko cha koti kikachanika. Kichwa changu kiligonga jiwe la lava kwa mlio ambao bado nausikia. Kofia ya Bahati ilichomoka kiwikoni ikaendelea na safari peke yake, ikiruka-ruka kwenye lami kuelekea Goma, bila kichwa ndani, ikionekana kuwa na furaha zaidi. Mwenyewe alikuwa amelala kifudifudi, paji la uso limechubuka, anafurukuta. Lile jaketi la kinyumenyume lilikuwa limempanda shingoni, na hakuweza kulifungua, maana zipu ilikuwa mgongoni. Kwa mara ya pili siku hiyo nilimhudumia zipu. Alivuta pumzi kama mtu aliyetolewa ziwani.

Mwenye chukudu alirudi akiburuta mguu kwa hasira, si kwa jeraha.

"Weye unapita kimya sawa mwizi! Hata kabichi zangu ziko na makelele kukupita!"

"Pardo, muzee," alisema Bahati.

"Pardo ya nini? Mushukuru ule papa. Bila mudomo yake, ungeniingia mu mugongo!"

Tulimsaidia kukusanya kabichi. Kisha nilivua kofia yangu, na Bahati akaiona: ufa mrefu, kutoka sikio hadi utosini. Aliupitishia kidole, akakaa chini.

"Baba mukubwa. Papa ya Furaha alianguka wapi?"

Nilimwonyesha kwa fimbo. Palikuwa chini kidogo, baada ya miti ya mikaratusi. Na hapo, nikiwa nimenyoosha fimbo, jambo moja lilikaa mahali pake. Wakati ule, mama mmoja aliyekuwa akitembea kando ya barabara alisema kwamba pikipiki ile ilikuja bila sauti. Katika ukoo tulisema mama wa watu alichanganyikiwa kwa mshituko. Pikipiki inakujaje bila sauti? Maneno yake hayakuwahi kuhesabiwa. Kwa miaka yote tulilaumu lori lililopita, tukalaumu jua, tukamlaumu shetani. Yule mama alikuwa amesema sawasawa kabisa kile alichokisikia.

Nilimweleza Bahati. Alitoa ufunguo mfukoni, akauchomeka, akauzungusha. Injini ilikataa mara mbili, kisha ikawaka. Alivaa jaketi kama lilivyoshonwa. Kofia yake tuliiokota mbele zaidi, na kwa kuwa haikuwa na kamba, niliifunga kichwani mwake kwa tai yangu ya kikao.

Kurudi mjini kulikuwa kwa gia ndogo, injini ikilalamika njia nzima. Majengo wenzake walimwona akija kwa mwendo wa maandamano ya mazishi, na tai ya buluu chini ya kidevu.

"Bahati! Umebeba mayai?"

"Nimebeba bakwe!" alijibu. "Mutoke mu njia!"

Jumapili kikao kilikaa kwangu Keshero. Nilitoa taarifa: paa zima, jiko safi, mama mwenye busara hasa kwenye mteremko. Sikuficha mtaro, ufunguo wala ufa. Kofia yangu niliiweka mezani, ikazungushwa mkono kwa mkono. Mama yake Furaha alipoishika hakuipitisha. Niliporudia maneno ya yule mama wa barabarani, aliipakata kama mtoto, akatikisa kichwa polepole.

Kisha nilisema neno langu ni ndiyo, nikaongeza jambo lililowaudhi shangazi zangu wawili. Kwa desturi, katika mahari, anayekaa nafasi ya baba hupewa koti. Nilisema sitaki koti. Mahali pa koti waandike kofia ya Furaha, nzima, yenye kamba.

"Koti ya ukoo!" shangazi mkubwa alilia. "Utavaa kofia ya mwanamuke ku harusi?"

"Ataivaa yeye. Mimi nataka tu kumwona akishuka."

Wote walimgeukia Furaha, kwa sababu sasa lilibaki jibu lake. Alikuwa amesuka nywele upya kwa ajili ya siku hiyo. Hakumtazama baba mkubwa wala shangazi. Alimtazama Bahati, aliyekuwa ameitwa kikaoni, plasta kwenye paji la uso.

"Ukishuka Kibumba, ufunguo iko wapi?"

"Iko pale yake."

"Pale yake wapi?"

"Ku pikipiki. Na motere inawaka. Hata esanse iishe."

Alichukua kofia yangu iliyopasuka kutoka mapajani mwa mama yake, akaivaa juu ya zile nywele mpya, akaikaza kamba.

"Basi," alisema, "mulete mahari."

Kiangazi kimeendelea, jua ni zuri sana, na vijana wa Goma wanaendelea kushuka kimya kuchunga esanse. Nawatakia wawe na sauti kama yangu nyuma yao. Mimi harusini nilivaa koti langu la zamani, lile lililochanika kiwiko kule Kibumba. Nilikataa lishonwe.