Vidonge vya Magoti na Paka wa Msikitini

Hapana, wacheni mkasa huu niuhadithie mimi mwenyewe, kwa sababu ndugu yangu Salum kila akikaa nao barazani anaongeza paka. Mwanzo walikuwa watatu, juzi nimemsikia kwa masikio yangu anasema soko zima la samaki la Darajani lilihamia msikitini. Aibu ni yangu, magoti ni yangu, basi na mimi niachiwe niuseme kama ulivyokuwa.

Mimi magoti yangu yana baridi yabisi, na si ya leo wala jana. Nikiinuka yanalia kama mlango wa stoo, na nyumba zetu za Mji Mkongwe mnazijua ngazi zake (aliyezijenga nadhani alikuwa na ugomvi na wazee), nashuka kiubavuubavu huku nimeshika ukuta, na mke wangu Bi Asha akinisikia naanza kushuka ndipo anapobandika chai, maana anajua hadi nifike chini itakuwa ishachemka, ishatiwa kikombeni, na ishapoa. Nshazoea.

Sasa binti yangu Raudha, huyohuyo mmoja Mungu alonipa, akapata mchumba, Haitham, kijana wa Mlandege, anauza vitambaa dukani kwao, mtoto wa adabu hata ukimtafutia kosa unachoka. Jioni moja Raudha akaja akakaa ubavuni kwangu, akaniambia, "Baba, siku hizi wengi wanamuachia shehe ndiye aozeshe. Mimi nataka uniozeshe wewe, kwa kinywa chako."

Nikamjibu, "Nani mwengine basi, mwanangu?" kisha nikajifanya natafuta miwani.

Salum alikuwepo. Akasema, "Ozesha kaka, lakini kaa kitini. Si viti vya wazee vipo pale msikitini, ukutani?"

Kiti! Yaani mkwe wangu akae chini kwenye zulia, mimi niko juu yake kama hakimu anamsomea kesi? Na watu wa Mlandege warudi kwao waseme baba yake Raudha kashaisha, kawekwa kitini kama mtungi? Nikamwambia, "Ntakaa kitako, miguu ntaikunja, na wewe utakuwa mbele unaniangalia." Neno hilo ndilo lililoniponza.

Raudha kusikia vile hakubishana nami, akaenda zake duka la dawa akaniletea chupa ya vidonge vya mafuta ya samaki, vile laini vinavyong'ara rangi ya asali. "Kimoja kwa siku, baba, baada ya chakula. Na mwenye duka kasema kwanza umuulize daktari wako, kwa vile unatumia dawa za presha. Na si kitu cha leo kwa leo, wengine huwapunguzia maumivu kidogo kidogo, wengine hawaoni tofauti." Nikasema naam mwanangu, naam, nikaiweka chupa juu ya friji nikaisahau (kumbukumbu yangu nayo ina baridi yabisi), na nilipokuja kuikumbuka ilikuwa siku yenyewe ya ndoa, mchana, wanawake wamejaa ghorofani, ndoa baada ya sala ya alasiri.

Nikaishusha ile chupa nikaiangalia. Hebu na nyinyi fikirini pamoja nami. Nikimeza sasa, kitu kiende tumboni, kizunguke huko, kiulize njia, hadi kifike gotini si watu washakula biriani washalala? Na maumivu yako gotini, tumbo linahusika nini? Nikachukua mkasi wa Bi Asha, nikajifungia chooni, nikawa nakata kidonge kimoja kimoja nakamulia magotini. Mafuta yakaonekana machache, nikakata vyengine. Nikasema, haya, chupa yenyewe imebaki nusu, ya nini kuiwekea? Nikaimaliza. Kisha nikakumbuka kuna mtu barazani alisifu manjano kwa maumivu ya viungo, nikanyata hadi jikoni, nikachota, nikakoroga na yale mafuta ikawa kama uji mzito, nikajikandika magoti yote mawili, juu yake nikafunga vitambaa vya kanga kukuu. Na nafuu niliipata, siwafichi, ingawa nadhani ni kule kusugua.

Lakini harufu! Choo chote kinanuka marikiti ya samaki mchana wa jua kali. Nikasema hapa dawa ni udi. Nikavaa kikoi, nikavaa kanzu yangu mpya, nyeupe pepepe, nikasimama juu ya chetezo hadi macho yakatoka machozi, na nilipomaliza nikawa nanuka kama papa aliyealikwa harusini.

Bi Asha akanikuta kwenye ngazi. "Baba Raudha, mbona unanuka hivyo?"

"Udi."

"Udi wa wapi huo?"

"Wa kisasa."

Msikiti wetu uko ng'ambo ya kichochoro, unavuka tu. Pale barazani hulala paka mmoja wa manjano, mnene, mvivu, hata umkanyage mkia hukufumbulia jicho moja tu. Siku ile akaamka. Akajinyoosha, akanifuata, na mimi kwa ujinga wangu nikasema moyoni, masikini, hata paka wanajua leo pana harusi. Mlangoni nikageuka, nikawaona watatu. Na paka kwetu hafukuzwi msikitini, kwa hiyo hakuna aliyeshughulika nao.

Baada ya sala nikamshika Salum bega nikashuka kitako, maumivu yakapanda hadi kwenye meno, lakini nilikaa! Miguu nikaikunja, nikamtazama Salum jicho la "unaona?" Haitham akakaa mbele yangu, magoti yetu yanagusana, tumepeana mikono ya kulia, na shehe ameshika kipaza sauti katikati yetu, spika imeelekezwa nyumbani kwetu ili wanawake kule juu wasikie. Khutba ikaanza, feni juu inazunguka inaigawa harufu yangu safu kwa safu, na Haitham namuona pua inamcheza, lakini kainamisha macho kwa adabu.

Shehe akasema, "Mzee, fuatisha: Nimekuozesha binti yangu Raudha."

Nikavuta pumzi. Nikamuona Raudha mdogo, anatoka chuo cha Kurani na ushungi umemteremka puani. Nikaanza, "Nimekuozesha binti yangu..." na hapo hapo, chini ya kanzu, kitu cha maji maji chenye kukwaruza kikanipita gotini. Ulimi! Kisha meno, anavuta kitambaa. Mguu umekufa ganzi, mkono kashika Haitham, niende wapi?

"Toka! Toka hapa, mshenzi mkubwa we! Huna hata haya, mbele za watu!"

Kwenye kipaza sauti. Na macho yangu usoni kwa Haitham.

Haitham akaniachia mkono, uso umemshuka. "Mimi, baba?" Nyuma akasimama baba yake, "Mwanangu kafanya nini?" Na kutoka dirishani kwetu nikamsikia Bi Asha, "Yarabi, Baba Raudha kaivunja ndoa!" na nyuma ya sauti yake nikasikia mwanangu analia. Wenzangu, mengine yote nayachekea, kilio kile siwezi. Mtoto aliniomba kitu kimoja kwa kinywa changu, na kinywa changu kikatoa yale.

Nikataka kuinuka niende dirishani, magoti yakakataa kata kata. "Si wewe, mwanangu! Paka! Ni paka!" Na kwa kuwa hakuna aliyenielewa nikashika kanzu na kikoi nikavipandisha hadi magotini. Msikiti mzima ukaona: vitambaa vya kanga, manjano yanachuruzika, paka wa barazani anatafuna, na wenziwe wawili nyuma wanangoja zamu. Ile kanzu nyeupe ina madoa mawili ya duara, ya manjano.

Salum akanitazama juu hadi chini. "Kaka, anayesingwa na kupakwa manjano leo ni Raudha au ni wewe?"

Lo, walivyocheka! Baba yake Haitham ilibidi ashikwe. Shehe peke yake hakucheka, alisema taratibu, tena kwenye spika ile ile, "Enyi mlioko juu, tulieni, anafukuzwa paka. Na paka si najisi, lakini mashahidi wawili tunao, wa tatu hatumhitaji." Wakanifungua vile vitambaa, wakavitupa nje, na paka wakatoka navyo.

Salum akaenda ukutani akaleta kiti. Wakaninyanyua wakaniweka. Na Haitham, yule mtoto, akaenda akachukua kiti chengine, akakaa mbele yangu sawa kwa sawa, akanipa mkono wake tena. Nikasema yote, toka mwanzo hadi mwisho, "Nimekuozesha binti yangu Raudha kwa mahari mliyokubaliana," akanijibu amekubali, na vigelegele kutoka kwetu vikajaa kichochoro kizima.

Nilipopanda juu nilimkuta mwanangu na nakshi zake za piko mikononi, wanja umemteremka mashavuni. Nikamshika mkono. Akanusa.

"Baba, vile vidonge ulivimeza?"

"Nilivipaka."

"Vyote?"

Nikajifanya natafuta miwani. Akacheka, akalia, akacheka tena, akaniegemea begani na harufu yangu ile ile. "Baba," akasema, "mimi nilikuomba kinywa. Magoti nani aliyataja?"

Daktari nimemuona, na nimemueleza (na yeye alicheka), sasa nameza kimoja cha chupa mpya baada ya chakula na nafanya mazoezi aliyonipa, na kama kuna unafuu basi sijui ni wa kipi. Lakini naapa mbele yenu, cha kumeza ntakimeza, na kiti changu pale ukutani sitamwachia mtu. Tatizo ni yule paka wa barazani. Kila alasiri huja akakaa chini ya kile kiti, ananitazama magoti, anangoja.