Diski ya Shangazi Zuhura Barazani kwa Wanaume

Mnaoniona siku hizi nikienda sokoni napita njia ya nyuma, leo nawaambia kwa nini, mcheke mmalize.

Wiki ya harusi ya binamu yangu Rukia, hapa Malindi, mamake, Shangazi Zuhura, alinipa diski ya ngoma ya harusi yake mwenyewe, ile ya wanawake watupu, mashangazi wote vichwa wazi wanakata viuno, akanishika mkono: "Mwanangu, hii hakuna mwanamume aliyewahi kuiona." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, tutaiangalia kwa laptop yangu mpya (deki ya zamani nilishaigawa Mambrui, eti takataka).

Basi baada ya alasiri wanawake wamejaa, kahawa na halua tayari, mimi nachomeka kidude cha kusomea diski nilichoazima, diski inazunguka, inanguruma, halafu laptop inaniambia haina programu ya kuifungua. Laptop mpya! Nikaizima, nikaiwasha, nikaipangusa diski kwa leso, wapi.

"Hiyo ni sinia ya kahawa tu," akasema bibi mmoja, nyumba nzima ikacheka.

Mwenzangu angesema tungoje kesho. Mimi nikarusha buibui juu ya nguo za nyumbani, nikasema, "Ngojeni, narudi nayo inacheza!"

Duka la muvi liko pale kona. Mwenye duka akaniwekea programu, akaijaribu kwa filamu yake, akanirudishia laptop. Ningeondoka hapo ningekuwa salama. Lakini nirudi bila hakika, nichekwe tena? Nikajikunyata kwenye pembe, nikatia diski, nikabonyeza nione kidogo tu. Kioo changu cheusi. Ngoma naisikia, tena kwa nguvu, lakini inatoka nje.

Kumbe mwenye duka, ule waya wa televisheni kubwa ya barazani kwake, aliyojaribia filamu yake, hakuuchomoa kwenye laptop yangu.

Barazani wazee wanangojea mpira, na katikati yao babake Rukia. "Geukeni! Geukeni nyote!" anapiga kelele, mwenyewe hajageuka. Nikatoka mbio, nikavua mtandio nikafunika televisheni, mtandio mdogo, televisheni pana, Shangazi anaonekana kuanzia kiunoni kwenda chini (yaani afadhali ningeacha), nikavua na buibui nikatupia juu, nikabaki katikati ya njia na fulana ya mpira ya kaka yangu na suruali ya kulalia.

"We binti," akasema mzee mmoja, "sasa tukuangalie wewe au tuangalie ukuta?"

Nilipofika nyumbani habari ilishafika. Shangazi akaninyooshea mkono.

"Diski iko wapi?"

Nikampa.

"Inacheza?"

"Inacheza, Shangazi."

"Haya, iweke. Kisha wewe nenda ukakae mlangoni, mwanamume asipite."

Nikakaa mlangoni, nyuma yangu vigelegele na vicheko. Deki nimeshaifuata Mambrui nikairudisha, na nimeapa mashine yoyote mpya nitaijaribu kwanza peke yangu, mlango nimekomea. Lakini mpaka leo diski ile sijaiona, na wazee wa barazani wameona zaidi yangu.