Pumzi ya Torpedo

Fssss… fssss. Mlio ule bado ninao masikioni, kama mtu anayepumua kwa shida ndani ya chuma.

Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi, nasafisha jumba la makumbusho bandarini Durban. Mgeni mmoja tu akilalamika, basi narudi nyumbani. Kaka Hamisi, Mtanzania anayetembeza wageni, alinionyesha torpedo ya zamani, kombora la majini: "Dada Fifi, hii ilikimbia baharini kwa pumzi iliyofungwa humu ndani."

"Pumzi ya nani?" Akacheka tu, akaniacha na kichwa changu cha ndoto.

Kesho yake, wageni wakitazama kimya ukumbini, torpedo ikapumua. Nikaigonga kwa kidole. Ikapumua tena. Nikapiga magoti nikilia, kama tunavyomwita mzee kwetu, "Papa, vumilia! Jamani, iko mtu humu! Leteni msumeno!" Wageni wakakimbilia mlangoni, wakampita bosi akiingia.

Hamisi akachomoza nyuma ya torpedo, ameshika mpira wa kompresa anaopulizia vumbi. "Eish, dada! Mtu gani? Ni hewa!"

Bosi alicheka mpaka akakaa chini. Kazi nikabaki nayo, na jina la Mama Torpedo.

Walipotoka wote, kompresa imezimwa, niliweka sikio kwenye chuma. Kilikuwa na uvuguvugu. Nikanong'ona, "Pumzika, papa."